Manowari huchanjaje maelfu kwa siku chache, na shule ya bweni iige nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi wa shule ya bweni ya wasichana hapa Moshi. Tukihesabu wanafunzi, walimu na watumishi tuko 820. Mdogo wangu yuko jeshini, ananiambia manowari kubwa inachanja watu elfu kadhaa ndani ya siku chache na kazi zinaendelea kama kawaida. Sisi mara ya mwisho kuchanja mkondo mmoja tu kulituchukua siku nzima, na mabinti sita wakazimia. Wenzetu wanafanyaje, na mimi niige kipi? Halafu babu yetu husimulia bunduki ya kuchanjia isiyo na sindano. Bado ipo? – Muuguzi, Soweto, Moshi

JIBU: Marahaba, dada. Kwenye manowari, kuchoma sindano ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Mchanjaji mzoefu anamaliza mkono mmoja kwa sekunde 60 hadi 90, awe katikati ya bahari au awe mtaa wa Pasua hapa Moshi. Kinachoiwahisha meli ni orodha. Kila aliyemo anajulikana jina, namba, kitengo, zamu yake na kitanda anacholala, na hakuna anayeweza kutoroka getini. Wewe una utajiri huohuo: rejista ya shule, majina ya mabweni, matroni anayejua nani analala wapi. Tatizo ni kwamba shuleni foleni hupangwa kwanza, orodha ikaja kuandikwa mezani sindano ikiwa tayari mkononi. Siku yako nzima iliishia hapo mezani.

Wanamaji wana sababu ya kuhangaika hivyo. Meli ya kubeba ndege ya Marekani ya aina ya Nimitz, ikiwa na kikosi chake cha ndege, hubeba watu wapatao 5,000. Wanalala kwenye vitanda vya ghorofa tatu, wanakula kwa zamu kwenye meza zilezile, na hewa wanayovuta inazunguka. Machi 2020 UVIKO-19 uliingia USS Theodore Roosevelt: kati ya mabaharia 4,779, waliothibitika kuambukizwa walifika 1,271, mmoja akafariki, na meli ya vita ikageuka mgonjwa bandarini Guam. Mwaka 2019 USS Fort McHenry ilikaa baharini kwa miezi bila kuruhusiwa kutia nanga kwa sababu ya matubwitubwi, na mabaharia wake wapatao 700 wakarudiwa chanjo. Bweni lenye vitanda vya ghorofa lina hesabu za aina hiyohiyo, ila wewe unaweza kufungua dirisha.

Ila usiwaahidi wazazi muujiza. Mwaka 1996 kwenye USS Arkansas, asilimia 95 ya mabaharia walikuwa wamechanjwa mafua makali, na bado asilimia 42 waliugua, kwa kuwa kirusi kilichoingia melini kilikuwa kimeshabadilika kikaachana na kile cha kwenye chanjo. Mwaka 2014 kwenye USS Ardent, meli ndogo ya watu 102, karibu wote walikuwa wamechanjwa na 25 wakaugua. Mafua hubadilika kila msimu. Surua haifanyi hivyo, na chanjo yake hukinga vizuri zaidi. Mzazi akikuuliza "atakuwa salama kabisa?", mjibu kwa chanjo husika, usijibu kwa chanjo zote kwa mkupuo.

Sasa kazi yenyewe.

Orodha ikamilike siku mbili au tatu kabla, na iwe na makundi matatu: wanaochanjwa, wasiochanjwa kwa sababu inayojulikana, na wenye swali. Kundi la tatu ndilo linaloua foleni. Ni yule aliyevimba midomo alipochanjwa zamani, mwenye homa kali leo, anayetumia dawa za kushusha kinga, aliyechanjwa wiki mbili zilizopita chanjo nyingine hai, yaani yenye kijidudu hai kilichodhoofishwa. Hilo la mwisho husahaulika sana: chanjo hai mbili za sindano, mfano surua na homa ya manjano, ama hutolewa siku moja au huachanishwa angalau siku 28. Melini watu hawa huitwa zahanati mmoja mmoja kabla ya siku yenyewe, ili siku ya chanjo mezani kusiwe na mjadala. Fomu ya maswali igawiwe jioni ya kuamkia chanjo, ijazwe bwenini, matroni aikusanye. Ridhaa ya wazazi itangulie hata hiyo, kwa wiki kadhaa. Jeshini mkono unaletwa na amri, japo hata huko amri ina mipaka yake: chanjo ya kimeta waliyoanza kuwalazimisha wanajeshi wa Marekani mwaka 1998 ilikataliwa na wengi, na mwaka 2004 mahakama ikasimamisha ulazima huo. Wewe huna amri. Una kikao cha wazazi.

Swali la ujauzito lisiulizwe kwenye foleni. Chanjo hai hazitolewi kwa mjamzito, na binti wa miaka 17 aliyeulizwa mbele ya wenzake wa kidato atajibu "hapana" hata kama jibu ni "sijui". Weka pazia na mtu mmoja anayeaminika, na kila binti apite hapo, ili kupita kwenyewe kusiwe habari.

Hesabu ya mwendo ni rahisi, na wengi huikosea kwa kuangalia sindano peke yake. Mchanjaji mmoja aliyetulia hutoa dozi 50 kwa saa. Mwandishi anayeuliza maswali yote mezani hutumia dakika mbili kwa mtu, yaani watu 30 kwa saa. Kwa hiyo wachanjaji wawili wanahitaji waandishi zaidi ya watatu. La sivyo wanakaa kupiga soga huku foleni imefika bwaloni. Maswali yakiisha jana yake, mwandishi anabaki kutafuta namba na kuweka alama, sekunde 30 tu, na mmoja mwepesi anaweza kuwalisha wachanjaji wawili. Kisha kuna viti. Kila aliyechanjwa hukaa dakika 15 akiangaliwa, na aliyewahi kupata mzio mkali dakika 30. Watu 100 kwa saa, kila mmoja robo saa, ni viti 25 vyenye watu wakati wote. Ndiyo maana kwenye meli chanjo kubwa hufanyika kwenye bwalo la chakula au sitaha ya kuegeshea ndege, kwa kuwa zahanati ya meli haina nafasi hiyo. Nawe usitumie chumba cha zahanati. Tumia bwalo, uingie mlango mmoja na utoke mwingine. Manowari ina mapito membamba, na king'ora cha kukimbilia vituo vya vita kikilia kuna kanuni: kwenda mbele na kupanda ni upande wa kulia, kurudi nyuma na kushuka ni upande wa kushoto. Foleni ya chanjo nayo haitakiwi kukutana uso kwa uso na wanaotoka.

Kwa watu wako 820, wachanjaji wawili kwa dozi 100 kwa saa ni saa nane na kidogo. Usizipange siku moja. Gawa siku mbili, kila moja kuanzia saa mbili asubuhi baada ya uji hadi saa sita na nusu. Kama vichupa ni vya dozi 10 na unakadiria upotevu wa asilimia 10, zidisha 820 kwa 1.11 (yaani 1 kugawa kwa 0.9): unapata dozi 910 na kidogo, yaani vichupa 92. Mabomba ya kuchanjia yanayojifunga yenyewe baada ya dozi moja, 902 (watu wako na asilimia 10 juu). Chanjo ikiwa ya unga, ongeza bomba moja la kuchanganyia kwa kila kichupa. Sanduku la usalama la lita tano humeza mabomba yapatayo 100 na hufungwa likifika robo tatu, basi omba 11. Dozi zenyewe zitatoka halmashauri kwa mratibu wa chanjo, lakini akikuta umeshapiga hesabu hizi mtaelewana haraka.

Kuna kitu kidogo kinachokula muda na hakuna anayekiandika kwenye mpango: nguo. Fundi wa injini melini amevaa ovaroli. Ili bega lionekane anafungua zipu mpaka kiunoni, anatoa mkono mmoja, anachomwa, anavaa tena, na sindano imechukua robo ya muda huo. Julai hapa Moshi binti anakuja na sweta, chini yake shati la mikono mirefu lenye kifungo kinachobana. Akikunja shati kwenda juu, linabana mkono kama kamba na bega bado halionekani, na mchanjaji anachoma alipopaona. Waambie waje na fulana ya michezo ndani na sweta begani tu. Kwa chanjo za msulini, mahali pake ni vidole viwili au vitatu chini ya mfupa wa ncha ya bega, katikati ya msuli, sindano ikiingia moja kwa moja kwa nyuzi 90 na ngozi. Ukichoma juu mno unaingia kwenye kiungo, na mtu anaweza kuumwa bega kwa miezi. Mchanjaji akae, mchanjwaji akae, macho yawe usawa mmoja. Anayechoma amesimama huku mwenzake ameketi huelekea kuchoma juu.

Kuhusu kazi kuendelea kama kawaida: hakuna nahodha anayechanja chumba chote cha injini siku moja. Homa, maumivu ya mkono na uchovu huja ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo kila kitengo hugawanywa, nusu leo na nusu baada ya siku tatu, na rubani akichanjwa harushi ndege kwa saa kadhaa. Shuleni kwako kitengo cha injini ni jiko. Usichanje wapishi wote Jumatatu. Na kidato cha nne wasiguswe wiki ya mtihani wa utamilifu.

Mnyororo baridi, yaani kuitunza chanjo kwenye ubaridi mpaka inapochomwa, ndio unaoharibika kimyakimya. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Melini hatari kubwa ipo saa ile wanapohama kutoka umeme wa bandarini kwenda jenereta za meli: umeme unapepesa, swichi inakatika, jokofu linabaki limezimwa na mlango umefungwa vizuri, hakuna anayejua mpaka asubuhi. Hilo si geni kwako, maana umeme wetu nao hukatika na kurudi. Dawa ni ileile: kipimajoto kinachorekodi chenyewe, kinachosomwa na kuandikwa asubuhi na jioni, na kengele inayosikika alipo mtu wa zamu. Kengele ndani ya ofisi inayofungwa saa kumi ni pambo. Jokofu la meli hufungwa kwa boliti na mlango kwa kitasa, wimbi lisije likaufungua. Lako weka alama ya "usizime" kwenye soketi, kwa sababu adui wako ni mtu anayetafuta pa kuchajia simu.

Wengi huogopa joto wakasahau baridi. Chanjo kama za pepopunda, homa ya ini B na HPV (ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi) zikiganda zimekufa, na zikiyeyuka kwa macho zinaonekana kama kawaida. Jokofu dogo la nyumbani, lile lenye kijisehemu cha barafu ndani, halifai kabisa. Kichupa kikigusa ukuta wa nyuma kinaganda. Vipande vya barafu vya kasha la kubebea navyo visitoke kwenye friza moja kwa moja hadi kwenye chanjo. Viache mezani mpaka ukitikisa kimoja usikie maji yakicheza ndani, kisha vifute, ndipo upange. Ukishuku chanjo imeguswa na barafu, chukua kichupa kingine cha toleo hilohilo (bechi moja ya kiwandani), kigandishe makusudi usiku kucha, kiyeyushe, tikisa vyote viwili kwa pamoja uviweke kwenye mwanga. Kile ulichogandisha kitatuama haraka, mashapo chini na maji maangavu juu. Chenye shaka kikituama kwa mwendo huohuo, au haraka zaidi, kitupe, na toleo zima uliloliweka rafu moja nacho ulijulishe kwa mratibu. Kipimo hiki ni cha chanjo zenye mashapo tu. Usikitumie kwa surua.

Surua ina kasheshe yake: unga na maji yake. Maji ya kuchanganyia ni yale yaliyokuja na chanjo ile, ya mtengenezaji yuleyule, yaliyopozwa hadi joto la chanjo. Mwaka 2018 huko Samoa watoto wawili wachanga walifariki kwa sababu unga ulichanganywa na dawa ya kulegeza misuli badala ya maji yake. Mwaka 2017 Sudan Kusini, eneo la Kapoeta, watoto 15 walifariki katika kampeni ya surua ambako bomba moja lilitumika kwa watoto wengi na chanjo iliyokwisha kuchanganywa ikakaa siku kadhaa bila baridi. Baada ya kuchanganya, andika saa kwenye kichupa. Muda wake ni saa sita au mwisho wa zoezi, chochote kitakachotangulia, na kinachobaki kinamwagwa hata kama dozi ni nane. Kwenye jokofu la chanjo kusiwe na kitu kingine chochote, iwe insulini ya mwalimu au soda.

Haraka ya melini huleta kishawishi cha kujaza mabomba mengi kabla, yakapangwa kwenye trei kama penseli. Usikubali. Bomba halina lebo, na saa mbili baadaye hakuna anayejua lipi ni la nini. Kila mchanjaji avute mwenyewe kutoka kichupa alichokifungua, na asitangulie zaidi ya kichupa kimoja.

Sasa mabinti wako sita. Kuzimia baada ya sindano ni jambo la kawaida kwa vijana wa umri huo, na wengi huanguka ndani ya dakika 15 za kwanza. Melini kuzimia kunaogopwa kwa sababu sakafu ni chuma na ngazi zimesimama karibu wima. Anayepanda ngazi dakika tatu baada ya sindano akazimia, kinachomuumiza ni pale kichwa kinapofikia. Hivyo haruhusiwi kusogelea ngazi kabla ya dakika 15. Shuleni kuna jambo la pili: kuzimia kunaambukiza kwa macho. Wa kwanza anaanguka, anabebwa kupita katikati ya foleni, wa tatu anaanza kuhema, na mwisho una sita. Weka pazia ili foleni isione sindano. Anayelegea alazwe papo hapo sakafuni kwenye mkeka, miguu juu, atolewe kwa mlango wa nyuma. Wenye hofu uwachanje wamelala, na uwachanje wa kwanza badala ya kuwaacha wangoje saa nzima wakisikia hadithi. Na asichanjwe mtu mwenye njaa.

Aliyezimia tu huwa amepauka, ana jasho la baridi, mapigo yamepungua, na akilala dakika moja mbili anaamka akiuliza yuko wapi. Mwenye mshtuko wa mzio hapati nafuu kwa kulala: ana upele unaowasha, midomo au kope zimevimba, anakoroma kifuani, mapigo yanakwenda mbio. Hutokea kwa nadra mno, kiasi cha mmoja hivi kwa dozi milioni, ila akitokea una dakika chache. Adrenalini ya 1:1000, nusu mililita kwa mwenye miaka 12 na kuendelea (0.3 kwa mwenye mwili mdogo sana), kwenye msuli wa paja upande wa nje, hata kupitia sketi. Rudia baada ya dakika tano kama hakuna nafuu. Abaki amelala, miguu juu. Akishindwa kupumua, aketi bila kusimama. Ampuli tatu na mabomba yake viwe juu ya meza ya waangalizi, vimehesabiwa asubuhi mbele ya watu wawili, na gari la kumpeleka hospitali ya Mawenzi au KCMC liwe na dereva ndani. Kabati lililofungwa ambalo funguo zake ziko na mtu aliyekwenda sokoni Mbuyuni halihesabiki.

Rejista ijazwe kabla mtu hajainuka kitini. Kwa huku kwetu, ukitegemea majina utapotea: akina Massawe, Mushi na Lyimo watakuwa wengi na akina Neema hawahesabiki. Tumia namba ya usajili. Namba ya toleo iandikwe ubaoni mbele ya mwandishi, na toleo likibadilika upigwe mstari mwekundu kwenye rejista. Jioni ya siku ya pili utabaki na majina, tuseme 40: waliokuwa wagonjwa, walinzi wa usiku waliolala, mwalimu aliyekwenda Arusha, binti aliyejificha stoo ya magodoro. Melini afisa wa zahanati huyachukua majina hayo na kwenda kuwafuata walipo, akiwa na kasha mkononi, saa nane usiku kama zamu yao ni ya usiku. Panga siku ya tatu kwa ajili ya hao, na mlinzi wa usiku umfuate saa moja jioni anapoingia kazini.

Bunduki ya babu ilikuwepo kweli. Ilisukuma chanjo kwa presha kupitia ngozi, mdomo uleule mtu hadi mtu, na jeshi la Marekani liliitumia kwa mamia ya watu kwa saa. Kisha ikaonekana inarudisha chembe za damu: mwaka 1985 kliniki moja ya California ilisambaza homa ya ini B kwa mashine ya aina hiyo, na mwaka 1997 jeshi likaacha kuitumia. Zilizopo leo hutumia kichwa kipya kwa kila mtu, na Marekani iliruhusu moja kwa chanjo ya mafua mwaka 2014. Zile za zamani za chuma, ukikuta moja kwenye stoo ya hospitali yoyote, iache hukohuko.